Niko Kigoma na nataka kufanya sheria ya teknolojia na faragha: je, nihamie Dar?

Swali: Shikamoo Wakili. Mimi ni wakili wa kujitegemea Kigoma mjini, huu ni mwaka wa tatu tangu niapishwe. Kazi zangu ni mirathi, ardhi na talaka. Nimeipenda sana sheria ya teknolojia, habari za mtandaoni na ulinzi wa taarifa binafsi, lakini wenzangu wananiambia kazi hiyo iko Dar es Salaam tu. Wiki hii amekuja mama anayeuza dagaa Kibirizi. Alikopa kwenye programu ya simu, akachelewa kurejesha siku nne, na picha yake ikasambazwa kwa watu aliowahifadhi kwenye simu ikiwa na neno "tapeli". Sijui nianzie wapi. Na je, kwa kazi hii naweza kuishi hapa, au nihame?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nitaanza na huyo mama, maana habari ya kuhama inaweza kungoja mwezi mzima, yake haiwezi kungoja wiki. Ushahidi wake wote uko kwenye simu, na simu ya mtu wa mwaloni huanguka majini, huibwa, huuzwa ada ya shule ikibana, au hufutwa vitu kwa sababu imejaa.

Mpigie leo. Mwambie aje na simu yenyewe, na chaja, na asifute ile programu. Wengi huifuta kwa hasira siku ileile wanapodhalilishwa, na hapo ndipo kesi inapoanza kuvuja. Akifika, ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua ukurasa wa ruhusa za programu hiyo, kisha upige picha ukurasa huo kwa simu nyingine. Utaona imeruhusiwa nini: namba zilizohifadhiwa, picha, mahali alipo, ujumbe mfupi. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko kurasa kumi za maelezo yake, kwa sababu unaonyesha namba za watu zilichukuliwa kwa njia gani. Baada ya hapo fungua masharti ya mkopo ndani ya programu, uyapige picha yote mpaka mwisho, pamoja na jina la kampuni kama limeandikwa, kiasi alichokopa, kiasi kilichoingia mkononi na kiasi anachodaiwa. Mara nyingi hizo tarakimu tatu hazifanani.

Kisha watafute waliopokea. Mama mwenyewe, ukifikiria vizuri, hakutumiwa ile picha. Aliiona kwa sababu mtu alimrushia akisema "mbona hivi?" Ujumbe wa asili uko kwenye simu ya shangazi yake Uvinza, ya mteja wake wa Mwandiga, ya mwalimu wa mtoto. Tafuta watatu au wanne walio tayari kusimama. Kila mmoja apige skrinishoti inayoonyesha namba ya mtumaji, siyo jina alilomhifadhi, na tarehe na saa zionekane. Asikate picha ili ipendeze, na asiufute ujumbe hata ukimkera. Kila mmoja atoe hati yake ya kiapo kuhusu simu yake. Usimfanye mama aape kuhusu simu ya shangazi.

Nakusisitizia haya kwa sababu niliwahi kupoteza shauri kwa kutoyafanya. Nilikuwa mgeni kwenye kazi hii, hapa Tabora, na mteja wangu alitukanwa vibaya kwenye kundi la WhatsApp. Nilipeleka mahakamani kurasa zilizochapishwa steshenari, safi, zimebanwa vizuri. Wakili wa upande wa pili akasimama akauliza mambo matatu: nani alizichapisha, zilitoka kwenye simu gani, na simu hiyo iko wapi. Simu ilikuwa imeshauzwa kwa fundi. Yule kijana wa steshenari sikumjua hata jina. Kurasa zangu zikakataliwa, na mteja wangu akatoka pale akiwa ametukanwa mara ya pili. Maswali yale hayakuwa ujanja wa wakili yule. Yako kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18. Sheria hiyo inasema ujumbe wa kielektroniki usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini papo hapo inaiagiza mahakama iangalie ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, ulisafirije, umelindwaje usiguswe, na mtumaji wake alitambuliwaje. Andika viapo vyako kwa mpangilio huohuo, swali kwa swali, na hutababaika mtu akisimama kupinga. (Vifungu nitakavyovitaja hapa nimevitaja kwa namba vilizopitishwa nazo. Kabla hujanukuu mbele ya jaji, linganisha na Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, maana mpangilio wa namba umeguswa.)

Sasa pa kulipeleka. Wewe una milango mitatu, na ningeigonga yote. Wa kwanza ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Malalamiko yana kanuni zake, na uchunguzi umewekewa siku 90, ambazo Tume inaweza kuziongeza. Hoja ya malalamiko yako iwe nyembamba na kali: kampuni ilichukua namba za watu kwa kisingizio cha kutoa mkopo, ikazitumia kumwaibisha mkopaji. Taarifa iliyokusanywa kwa jambo moja ikatumika kwa jambo jingine. Huo ndio moyo wa sheria nzima.

Na hapa pana jambo ambalo mawakili wengi hulipita. Mama wa dagaa aligusa kitufe cha kukubali, na kampuni itang'ang'ania hapo. Shangazi wa Uvinza hakugusa chochote. Hakukopa, hakuipakua programu, hakujua kama ipo. Namba yake imechukuliwa na kutumiwa bila yeye kuombwa. Kwa lugha ya sheria yeye naye ni mhusika wa taarifa, na malalamiko yake hayana doa la ridhaa. Kwa hiyo usipeleke lalamiko moja, peleka la mama na la shangazi pamoja.

Mlango wa pili ni polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Achukue RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Polisi ndio wenye nguvu ya kupata taarifa za usajili wa ile laini iliyotuma picha. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo nyuma ya namba lazima kuna jina, hata kama jina hilo mara nyingine ni la mtu aliyesajiliwa bila kujua. Mlango wa tatu ni Benki Kuu. Ukopeshaji wa mtandaoni unahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijiti, kisha ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Angalia kama programu ya mama imo. Mlango huu huwa wa haraka kuliko mingine.

Umwambie na lile asilopenda kulisikia: lalamiko halifuti deni. Alichokopa kihalali bado anadaiwa. Mteja akidhani umemwahidi kwamba mkopo umekufa, atakuja kukulaumu wewe badala ya kampuni.

Tuje kwenye kuhama. Nimeishi kwa kazi hii Tabora, siyo kwa kazi hii peke yake, na nadhani wenzako wanakudanganya bila kukusudia. Wanachokiona ni mikataba ya makampuni ya simu, mabenki na wauzaji wa mifumo mikubwa. Hiyo kweli iko Dar es Salaam na itabaki huko. Lakini sheria ya taarifa binafsi haikuandikwa kwa ajili ya mabenki tu. Inamgusa kila anayekusanya na kila anayechakata taarifa za watu, na inahusu taarifa iliyoandikwa kwa namna yoyote, hata kwa kalamu kwenye daftari la kaunta. Hesabu mwenyewe kwa Kigoma na Ujiji: shule binafsi, zahanati, maabara, hoteli, vyama vya kuweka na kukopa, vyama vya msingi vya kahawa upande wa Kalinzi, mashirika yanayohudumia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, vyuo, na hata nyumba za kulala wageni zenye lile daftari ambalo kila anayefika anasoma jina na namba ya aliyemtangulia. Wote hao wanapaswa kujisajili Tume na kupata cheti, ambacho hudumu miaka 5 kisha kinahuishwa. Wangapi kati yao wamewahi kukaa na wakili wakaelezwa hilo?

Nikupe mfano nilioushika kwa mikono yangu. Nilikuwa natoka kwenu na treni, tukasimama Kaliua, nikanunua karanga dirishani. Zilikuwa kwenye koni ya karatasi kama kawaida. Nilipozimaliza nikaifungua ile karatasi kuikunja, nikakuta ni fomu ya kujiunga na shule. Jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya bluu, majina matatu kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Dini. Namba za simu za wazazi wote wawili. Na chini, kwenye nafasi ya "magonjwa ya kudumu", mzazi alikuwa ameandika ugonjwa ambao mimi nisingetaka ujulikane kama mtoto angekuwa wangu. Shule siitaji. Fomu nilienda nayo nyumbani nikaichoma, na usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua mfuko wa yule muuza karanga ulikuwa na karatasi nyingine mia za namna ileile, na treni ilikuwa imejaa wanunuzi.

Pale hapakuwa na mdukuzi wala kompyuta. Palikuwa na kabati lililojaa, mtu akaamriwa alisafishe, akauza karatasi kwa kilo. Kisheria, taarifa za watoto na za afya ni taarifa nyeti, zinazotaka ulinzi wa ziada na ridhaa ya maandishi. Kampuni au taasisi inayofichua taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini inayofika shilingi bilioni 5. Wewe ukikaa na mkuu wa shule usianze na hiyo bilioni, tafadhali. Nimeona mawakili wakiingia ofisi za watu na faini mkononi kama wakusanya ushuru, na wakatolewa nje kwa heshima. Anza na ile fomu. Muulize inaenda wapi.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika hapa: kazi yetu ni kuifuata taarifa hatua kwa hatua, toka inapozaliwa mpaka inapokufa. Mzazi anajaza fomu mapokezini. Nani anaipokea? Mhasibu anaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili mwalimu wa darasa aone. Kwa hiyo sasa iko kwenye simu 22, mbili kati yake za walimu walioacha kazi Desemba. Matroni anahitaji kujua ugonjwa, sawa, lakini anahitaji dini? Picha za mahafali zinapandishwa kwenye ukurasa wa shule, nani aliwauliza wazazi? Mfumo wa matokeo umetengenezwa na kijana wa mjini: taarifa zinakaa kwenye seva ya nani, ya nchi gani? Kama zinatoka nje ya Tanzania, sheria ina utaratibu wake wa kusafirisha taarifa nje na lazima ufuatwe. Mtoto akihitimu, fomu inakaa miaka mingapi, na inaharibiwa na nani, akishuhudiwa na nani? Ukimaliza safari hiyo kwa kalamu na daftari, ndani ya siku mbili, umeshajua mkataba upi uandikwe, fomu ipi ipunguzwe, kabati lipi liwekewe kufuli na simu zipi zifutwe. Hati unaandika baadaye.

Wengi huanza na hati. Nililetewa sera ya faragha ya chama kimoja cha kuweka na kukopa, imechapishwa kwa rangi, ina nembo, na ukurasa wa tatu inawaeleza wanachama haki zao chini ya sheria za California. Wakulima wa tumbaku! Aliyewauzia aliichukua mtandaoni akabadilisha jina. Walikuwa wamelipa fedha za wanachama kwa karatasi ile. Niliona uchungu kwa niaba yao, kwa sababu walikuwa wametaka kufanya jambo sahihi.

Kuhusu kipato, usiache mirathi, ardhi na talaka. Teknolojia imeshaingia humo humo. Msimamizi wa mirathi leo anaulizwa fedha za marehemu zilizoko kwenye laini ya simu, kurasa za biashara za marehemu Facebook na Instagram, na simu yenyewe iliyofungwa kwa alama ya kidole cha mtu ambaye ameshazikwa. Kwenye talaka atakuja mume na rundo la mazungumzo ya mkewe. Kabla hujayapokea muulize aliyapataje. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na simu ni mfumo wa kompyuta. Nimewahi kumrudishia mtu flashi yake bila kuifungua na nikamweleza kwa upole kwamba ushindi anaouona mkononi unaweza kumpeleka polisi yeye. Wakili asiyeuliza swali hilo anamwingiza mteja shimoni kwa mikono yake.

Upande wa mashirika una fedha nyingi kidogo kuliko huko. Nyarugusu ipo tangu 1996, na kazi nyingi huko hupitia mashirika madogo ya hapa nchini yenye mikataba na wafadhili wa Ulaya. Umoja wa Ulaya una Kanuni yake ya Jumla ya Ulinzi wa Taarifa, inayotumika tangu 25 Mei 2018, na mfadhili akituma mkataba huwa na viambatanisho vya kurasa nane kuhusu uchakataji wa taarifa. Mkurugenzi wa shirika la Kasulu hutia saini ili fedha zije. Wewe ukivisoma viambatanisho hivyo naye, ukamwonyesha kwamba ameahidi kutoa taarifa ndani ya saa kadhaa ikiwa kompyuta mpakato itaibwa kwenye gari, na kwamba hana hata orodha ya kompyuta zake, hutahitaji kujitangaza tena. Kumbuka pia kwamba taarifa za mkimbizi zina uzito wa pekee. Jina na kijiji alichotoka vikifika kwa mtu asiyestahili, inaweza kuwa habari ya uhai. Hapo usikubali kazi ya haraka haraka, hata wakikuharakisha na tarehe ya mwisho ya ripoti.

Na ziwa lenyewe linakupa kitu ambacho wa Dar hana. Wafanyabiashara wenu wana wateja Kongo na Burundi, namba za watu na malipo vinavuka kila siku. Kongo ilipata Kanuni yake ya Kidijiti Machi 2023. Kenya na Uganda zina sheria zao tangu 2019, Rwanda tangu 2021. Jifunze Kifaransa cha kusomea sheria, hata cha kuungaunga. Miaka michache mbele utakuwa miongoni mwa wachache sana wanaoweza kumshauri mwenye mzigo Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na duka Mwanga, hapo hapo Kigoma.

Habari za mtandaoni nitazipita kwa ufupi, maana ni somo la siku yake. Vijana wenye televisheni za mtandaoni watakuja kwako siku wameitwa na mamlaka, siyo kabla. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni ni za 2020, zikarekebishwa 2022, na marekebisho yale yaligusa leseni na ada, kwa hiyo usimshauri mtu kwa nakala ya 2018 au 2020 uliyoikuta kwenye kompyuta ya mwenzako. Mwonye pia kuhusu kifungu cha 16 cha Makosa ya Mtandao, kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo. Wanamuziki nao msiwasahau, Kigoma mmezaa wengi. Mkataba wa kusambaza nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni usainiwe baada ya kusomwa na wakili, na kazi isajiliwe Ofisi ya Hakimiliki.

Usome nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeandikwa kwa Kiswahili, na hii ni neema ambayo hatujaitumia. Isome yote kwa sauti, kisha kanuni zake mbili za 2023, ya ukusanyaji na uchakataji na ya malalamiko. Anzia ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu, maana hapo ndipo mzizi. Kisha soma shauri la Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, lililoamuliwa na Mahakama Kuu Mei 2024, ambapo mahakama iliona baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23 vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hayaeleweki vya kutosha, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyarekebisha. Utajifunza jinsi ya kuisoma sheria hii kwa jicho la kuipinga, na hilo ni nusu ya ufundi. Hukumu zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Kozi za vyeti vya nje ni nzuri ukizipata, lakini usikope ili uzisome.

Kuhusu kujulikana, kanuni zetu za maadili za 2018 zinabana kujinadi, kwa hiyo usijiandike "bingwa wa sheria za mtandao Kigoma" Instagram. Kufundisha ni jambo jingine. Omba nusu saa kwenye mkutano wa wakuu wa shule, zungumza redioni kuhusu mikopo kausha damu. Pale Kibirizi tu, mama mmoja akisaidiwa, mwalo mzima utajua kabla ya jioni.

Kabla ya yote hayo, angalia ofisi yako. Siku moja niliingia steshenari kuchapisha ilani ya madai, mfumo wa kwangu ulikuwa umeharibika. Kijana akafungua kompyuta, na kwenye uso wa kioo, kabla hajabofya chochote, niliyaona mafaili yamepangwa safu kwa safu: hati za kiapo, barua za talaka, wasia, vyeti vya hospitali, majina kamili ya watu. Katikati lilikuwepo faili nililolitambua, kiapo cha mteja wangu. Karani wangu alilichapisha pale wiki tatu nyuma na kuliacha. Nililifuta mbele ya yule kijana, nikamwomba alifute na kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha nikaenda nyumbani kwa mteja kumweleza mimi mwenyewe kilichotokea. Alinisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nikihubiri faragha mji mzima.

Kwa hiyo nunua printa yako hata iwe ndogo. Weka nywila kwenye kompyuta na usiiache kwa fundi ikiwa na majalada ya wateja. Acha kupokea nakala za vitambulisho vya NIDA kwenye simu ileile ambayo mtoto wako anachezea. Na ujisajili Tume, kwa kuwa ofisi ya wakili inakusanya taarifa kama shule na zahanati. Ukienda kwa mkuu wa shule na cheti chako kimening'inia ukutani, mazungumzo yatakuwa mepesi.

Ukishaandaa kiapo cha shangazi na rasimu ya malalamiko, nitumie niipitie kabla hujaiwasilisha, sitakutoza. Ila ondoa kwanza majina yao na namba zao za simu, weka herufi A na B. Mimi sihitaji kuwajua ili nikusaidie.